Mitishamba ya ukomo wa hedhi: je, "asilia" maana yake ni salama?

Saa nane usiku. Mama yako ameamka tena, khanga imelowa jasho, dirisha liko wazi na feni inazunguka kwa nguvu yake yote. Mchana, akiwa kwenye foleni ya benki, joto lilimpanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, na baada ya dakika chache likaondoka na kumwacha anatetemeka. Ana miaka 50 na hedhi imeanza kuruka miezi. Wiki iliyopita mwenzake wa kikoba alimuuzia chupa ya vidonge vya mitishamba: "Asilia 100%, haina kemikali, haina madhara." Sasa anakuletea wewe, kwa sababu ndiye unayesoma sayansi pale nyumbani: "Mwanangu, hii ninywe?"

Ukimjibu "usinywe, utapeli mtupu", utakuwa umekosea. Ukimjibu "kunywa tu mama, ni majani", utakuwa umekosea zaidi. Hebu tuone jibu zuri linafananaje.

Mwilini kunatokea nini?

Ukomo wa hedhi si ugonjwa. Kitabibu, mwanamke amefika hapo zikipita miezi 12 mfululizo bila hedhi, na kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Miaka michache kabla yake, ovari huanza kupunguza kutengeneza homoni ya estrojeni, tena si kwa kushuka taratibu, bali kwa kupanda na kushuka ovyo.

Kwenye ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, ambayo moja ya kazi zake ni kulinda joto la mwili lisipande wala kushuka sana. Estrojeni ikipungua, seli fulani za neva za hapo huwa nyepesi kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, ubongo unaamini mwili unaungua: unapanua mishipa ya damu ya kwenye ngozi na kumwaga jasho. Ndilo hilo joto la ghafla.

Wengine hukohoa kidogo na kuendelea na maisha, ila wengine hukosa usingizi, hushindwa kazi na kugombana na kila mtu nyumbani. Utafiti wa SWAN, uliowafuatilia wanawake nchini Marekani kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba nusu ya wanaopata joto hili mara kwa mara hukaa nalo zaidi ya miaka saba. Miaka saba! Kwa hiyo mama akitafuta msaada, usimwambie "ni umri tu, utazoea". Wengi wameshaambiwa hivyo zahanati, na ndiyo sababu mojawapo ya wao kuishia kwa muuza chupa.

Mitishamba ilipandaje chati?

Sehemu ya jibu iko mwaka 2002. Tiba inayopunguza joto hili kuliko nyingine zote ni ile ya kurudisha homoni. Julai mwaka huo, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative, uliokuwa na wanawake zaidi ya 16,000, ulisitishwa kabla ya wakati. Waliokuwa wanameza estrojeni pamoja na projestini walionekana kupata saratani ya matiti zaidi ya wenzao: wagonjwa 8 wa ziada kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Kiharusi nacho kiliongezeka kwa kiasi kama hicho.

Habari ilienea kama moto wa nyika na wanawake wengi wakaziacha homoni. Ambacho hakikuenea ni kwamba wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, yaani wengi walikuwa wameshaupita ukomo wa hedhi zamani. Leo wataalamu wengi wanakubaliana kwamba kwa mwanamke mwenye afya njema, aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka kumi tangu hedhi ikome, mara nyingi faida ya homoni huzidi hatari yake. Lakini hofu ilishaingia, na pengo likajazwa na chupa zenye picha za maua.

Sheria nayo ilikuwa imeshafungua mlango. Marekani, ambako vingi vya vidonge hivi hutoka, sheria ya mwaka 1994 inavihesabu virutubisho vya mitishamba karibu na chakula kuliko dawa. Mtengenezaji halazimiki kuthibitisha kwa serikali kwamba bidhaa yake inatibu kabla ya kuiuza. Ikileta madhara, ni serikali ndiyo inayopaswa kuonyesha kwamba si salama, na mara nyingi hapo imeshauzwa sana.

Asilia si sawa na mpole

Watu husema mitishamba "haina kemikali". Kwa mwanasayansi sentensi hiyo haina maana, kwa sababu hata maji ni kemikali. Mmea hauwezi kukimbia adui, hivyo unajilinda kwa kutengeneza viambata vya kila aina, na baadhi ya viambata hivyo hugusa mwili wa binadamu kwa nguvu kweli. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Aliyewahi kumeza dozi nzima ya kwinini anajua masikio yanavyovuma. Artemisinini ya kwenye dawa mseto ya malaria nayo imetoka kwenye mmea.

Kwa hiyo mmea kuwa na nguvu ya kutibu si ajabu. Ila huwezi kudai una nguvu ya kubadilisha mwili halafu ukadai papo hapo kwamba hauwezi kuudhuru. Badala ya kuuliza "ni ya asili au ya kiwandani?", tuulize maswali manne.

Swali la 1: Kilichoandikwa ndicho kilichomo?

Tuchukue mmea unaouzwa sana duniani kwa ajili ya joto la ukomo wa hedhi: black cohosh, kwa jina la kisayansi *Actaea racemosa*. Ni mmea wa misituni mashariki mwa Amerika Kaskazini, na wenyeji wa asili wa huko waliutumia mizizi yake kama dawa tangu zamani.

Mwaka 2012 watafiti wa jijini New York walichapisha matokeo ya kupima vidonge 36 vilivyoandikwa black cohosh. Walitumia DNA, kama polisi wanavyotambua mtu kwa chembe ya damu. Vidonge 9 kati ya 36, yaani robo nzima, havikuwa na black cohosh. Ndani yake mlikuwa na mimea mingine ya ukoo huohuo inayoota Asia.

Hili si suala la kupunjwa pesa tu. Utafiti wowote unaosema "mmea huu ni salama" unahusu mmea huo, kwa kipimo hicho. Kama ndani ya chupa kuna ndugu yake, utafiti ule haukuhusu. Na ukipata madhara, daktari hatajua hata aanze kuchunguza nini.

Swali la 2: Ini linasemaje?

Karibu kila unachomeza hupita kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini ni kama mlinzi wa getini: kila mgeni anamkagua yeye kwanza, na mgeni mkorofi anaanza kumpiga yeye.

Kuanzia miaka ya 2000, madaktari wa nchi mbalimbali walianza kuripoti wanawake waliopata homa ya ini baada ya kutumia vidonge vya black cohosh. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Australia ilipitia taarifa za aina hiyo 47 kutoka sehemu mbalimbali duniani, ikaamuru chupa zibebe onyo kwamba mmea huu unaweza kuliumiza ini kwa baadhi ya watu. Mamlaka za Ulaya nazo zilitoa tahadhari mwaka huohuo.

Sasa utakutana na mtu atakayekwambia: "Mbona majaribio ya kitabibu hayakuona tatizo lolote kwenye ini?" Anasema kweli. Na hapa kuna hesabu moja rahisi ambayo ningependa uondoke nayo, hata ukisahau mengine yote.

Tuseme umewapa dawa wanawake 300 na hakuna hata mmoja aliyeumwa ini. Je, umethibitisha ni salama? Wanatakwimu wana kanuni inayoitwa kanuni ya tatu: gawanya 3 kwa idadi ya watu uliowapima. 3 gawanya kwa 300 ni 1 kwa 100. Maana yake, hata baada ya kuona sifuri, bado inawezekana madhara yakampata hadi mtu mmoja kati ya mia. Ili uwe na uhakika kwamba hayampati zaidi ya mmoja kati ya 10,000, unahitaji kupima watu 30,000. Majaribio mengi ya mitishamba hii yana watu mia chache tu. Madhara adimu huonekana bidhaa ikishafika mtaani, na huonekana pale tu ambapo kuna mtu anayehesabu.

Tuwe wa haki: watu wengi sana wamemeza black cohosh, na walioripotiwa kuumia ini ni wachache mno. Hatari ni ndogo. Ila mama anatakiwa ajue dalili zake: macho au ngozi kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, kuwashwa mwili mzima, uchovu usioelezeka, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Akiona dalili mojawapo, aache vidonge na aende hospitali siku hiyohiyo, na chupa aibebe.

Swali la 3: Kinakutana na nini ndani?

Kwa mazingira yetu, nadhani hili ndilo swali zito kuliko yote. Mwanamke wa miaka 50 mara nyingi hamezi kitu kimoja. Ana dawa za presha, au za sukari, au ARV, au za moyo. Mitishamba inapoingia inakuta wenyeji. Tazama mifano hii:

*St. John's wort.* Ni ua la njano linalouzwa kwa ajili ya huzuni na hasira za kipindi hiki. Linaliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunja dawa. Matokeo yake, dawa nyingine zinavunjwa haraka kabla hazijamaliza kazi. Mwaka 2000 watafiti waliwapa watu wanane wenye afya ua hili pamoja na ARV iitwayo indinavir; kiasi cha ARV kwenye damu kilishuka kwa asilimia 57. Indinavir imeshapitwa na wakati, lakini dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha TLD kinachotumika sana Tanzania na Kenya, nayo hushushwa na ua hili, na maelezo rasmi ya dawa yanaonya juu ya hilo. Mtu anameza ARV zake kila siku bila kukosa, kumbe zimepunguzwa makali na kidonge cha "kutuliza mawazo". Ua hilohilo hupunguza pia nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Na mwanamke ambaye hedhi inaruka miezi bado anaweza kupata mimba, wengi hawalijui hilo.

*Dong quai.* Huu ni mzizi wa Kichina unaosifiwa kwa "mambo ya wanawake". Mwaka 1999 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Vipimo vyake vilikuwa vimetulia. Baada ya kutumia dong quai kwa wiki nne, kipimo cha damu kuganda kilipanda zaidi ya mara mbili, kiwango ambacho mtu anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Alipoacha, kikarudi.

*Urukususu.* Mzizi mtamu unaojulikana sana Pwani, na humo kwenye chupa za mchanganyiko umo mara nyingi. Ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu hufanya mwili ushikilie chumvi na kupoteza potasiamu, na presha inapanda. Kwa mtu mwenye presha, anakuwa anameza dawa ya kuishusha asubuhi na mzizi wa kuipandisha jioni.

*Uwatu.* Kiungo hiki kiko kwenye majiko mengi, na kijiko kwenye mchuzi hakina shida. Lakini ukikamuliwa na kushindiliwa kwenye vidonge, unaweza kushusha sukari ya damu. Mwenye kisukari anayemeza glibenclamide anaweza kujikuta sukari imeshuka kupita kiasi.

Umeona mtindo? Hakuna hapo mmea wenye sumu ya kutisha. Hatari inazaliwa pale vitu viwili vinapokutana bila mtu wa tatu, daktari au mfamasia, kujua kwamba vimekutana.

Swali la 4: Je, inaigiza homoni?

Soya na red clover zina viambata viitwavyo isoflavoni. Umbo lake linafanana kiasi na estrojeni, hivyo vinaweza kukaa kwenye vipokezi vya estrojeni, kama ufunguo unaoingia kwenye kitasa ingawa haukuchongwa kwa ajili yake. Wakati mwingine unafungua kidogo, wakati mwingine unaziba tu.

Soya ya kula, uji au maharage yake, haina shida kwa watu wengi. Vidonge ndivyo vilivyozua mjadala. Utafiti mmoja wa Italia uliochapishwa mwaka 2004 uliwapa wanawake miligramu 150 za isoflavoni kila siku kwa miaka mitano. Kwa wachache wao, kama 3 kati ya 100, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ulinenepa isivyo kawaida, jambo ambalo halikuwapata waliopewa kidonge bandia. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilipitia ushahidi wote na haikuona dalili za madhara kwenye matiti, tezi la shingoni wala mfuko wa uzazi kwa dozi za kawaida. Kwa hiyo mwanamke asiye na tatizo hana sababu ya kuogopa. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au ya mfuko wa uzazi asijiamulie mwenyewe, amuulize daktari wake kwanza.

Na hapa kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Damu ikitoka baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone moja, ni ya kuchunguzwa. Baadhi ya wauzaji watamwambia mama kwamba dawa "inasafisha kizazi" au kwamba "ujana umerudi". Mara nyingi chanzo cha damu hiyo huwa kidogo, lakini inaweza pia kuwa ishara ya kwanza ya saratani ya mfuko wa uzazi, ambayo ikikamatwa mapema hutibika vizuri. Kila mwezi anaosherehekea "kusafishwa" ni mwezi uliopotea.

Lakini mbona shangazi alipona?

Huyu shangazi yuko kila familia. Alitumia vidonge miezi mitatu, joto likapungua. Hadanganyi.

Mwaka 2004 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 24 ya tiba ya homoni. Kwenye makundi yaliyopewa kidonge bandia, kisicho na dawa yoyote ndani, joto la ghafla lilipungua kwa karibu asilimia 58. Sababu ni mbili kuu: matarajio yenyewe yanautuliza ubongo, na joto hili hupungua lenyewe kadiri muda unavyokwenda. Homoni halisi ililipunguza kwa asilimia 75 zaidi ya kidonge bandia. Hiyo ndiyo tofauti tunayoitafuta.

Black cohosh je? Jaribio moja zuri la Marekani la mwaka 2006 lilikuwa na wanawake 351 na lilidumu mwaka mzima. Waliopewa black cohosh, peke yake au ikiwa imechanganywa na mimea mingine, hawakupata nafuu ya maana kuliko waliopewa kidonge bandia. Waliopewa homoni walipunguza takribani matukio manne ya joto kwa siku. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 yalisema ushahidi hautoshi kuupendekeza mmea huu wala kuukataa.

Kwa hiyo mizani inakaa hivi: faida haijathibitika, hatari ni ndogo lakini ipo, na inakua kutegemea dawa nyingine anazotumia mtu. Ukiweka upande mmoja faida iliyo karibu na sifuri, hata hatari ndogo inakuwa na uzito.

Dawa za kiwandani nazo je?

Usidhani nakuambia za maabara ni salama na za shambani ni mbaya. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mpya ya joto la ghafla, fezolinetant, inayotuliza zile seli za neva za haipothalamasi. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya huko iliiwekea onyo la ngazi ya juu kabisa, kwa sababu inaweza kuumiza ini. Ini lilelile!

Tofauti iko kwenye kilichofuata. Dawa ilikuwa na jina moja na kipimo kimoja, kulikuwa na watu wanaohesabu madhara, na onyo lilitoka ndani ya miaka miwili, likiambatana na ratiba ya kupima damu kuangalia ini. Chupa ya kwenye kikoba haina anayeihesabu. Ukimya wake ndio watu wanauita usalama.

Umjibu nini mama?

Kwanza, usimkejeli. Ukimkejeli atakunywa kimya kimya, na siri ndiyo hatari kubwa kuliko kidonge. Kisha:

1. Mwombe akuonyeshe dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba, ziwekwe mezani pamoja. Zipigwe picha, mfamasia au daktari azione.
2. Soma lebo. Kama haitaji majina ya mimea na kiasi chake, imeandikwa "mchanganyiko wa siri" tu, hiyo inatosha kuiacha.
3. Angalia kama imesajiliwa. Tanzania dawa ziko chini ya TMDA na tiba asili iko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kenya ni Pharmacy and Poisons Board.
4. Kama ana ugonjwa wa ini, anatumia warfarin, ARV, dawa za kifafa au za saratani, au ana upasuaji karibu, asianze kabisa kabla ya kuongea na daktari.
5. Akipata madhara, yaripotiwe. Mamlaka zina fomu za kuripoti madhara ya dawa, na mitishamba pia inaripotiwa. Kumbuka kanuni ya tatu: bila wanaohesabu, sifuri haina maana.
6. Msindikize kliniki, muulize daktari waziwazi kuhusu homoni na njia nyingine. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini kilipitia njia zisizo za homoni: hakikupendekeza mitishamba, ila kilipendekeza tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia, kupunguza uzito, na baadhi ya dawa, zikiwemo zinazotumika pia kutibu sonona.

Basi mama akikuuliza tena, "Mwanangu, hii ninywe?", unaweza kumjibu: "Mama, kabla ya kunywa, niambie unatumia dawa gani nyingine. Na kesho twende wote kliniki, hilo joto lina tiba."